Mkanda Uliolia Mpaka Kasubi

Tangu nirudi, kila mzazi anayemleta mtoto asubuhi ananiuliza lile lile: "Mama Twalib, mbona umerudi wewe na kaka yako tu? Bi harusi yuko wapi?" Na nyinyi mnaoijua nyumba yangu mnakitupia macho chumba cha juu, kile nilichokipaka rangi ya maziwa na kukitia mapazia mapya, mnaona dirisha limefungwa, mnanyamaza kwa adabu. Nimechoka kusimulia vipande vipande mlangoni mwa gari huku watoto wakigombania kiti. Naandika mara moja, msome, yaishe.

Kwa asiyenijua, mimi ni dereva. Mwaka wa kumi na mbili huu nabeba watoto wa chekechea hapa Mombasa kwa gari langu mwenyewe. Mwanangu ni mmoja tu, Twalib, na amekaa Kampala miaka mitatu akichora ramani za majumba. Huko akampata binti, Hanifa, wa mtaa wa Kasubi, akaniambia huyu ndiye. Baba yake Twalib alifariki mtoto akiwa darasa la pili, kwa hiyo safari ya kwenda kuposa ilikuwa yangu na kaka yangu Athumani. Athumani ndiye msemaji wetu, kwa heshima ya ujomba na kwa kuwa mdomo anao. Kuendesha hajui.

Nia yangu sikumficha mtu: twende wawili, turudi wanne. Chumba nilikipaka rangi kwa ajili hiyo. Na kwenye mkoba wangu, ndani ya kitambaa, nilitia bangili zangu mbili za dhahabu. Hizo ndizo mahari aliyonipa marehemu. Hakuna aliyeniomba nizitoe. Nilitaka tu huyo atakayeishi na mwanangu avae kitu kilichotoka kwa baba yake.

Mombasa mpaka Nairobi

Tulitoka Alhamisi baada ya swala ya alfajiri. Athumani alikuwa na dishi la mahamri na mbaazi la kutufikisha Uganda, alivyosema mwenyewe. Tulipofika Voi dishi lilikuwa tupu. Nilimuuliza imekuwaje, akasema njia ndefu inataka mtu aliyekula.

Siku nzima alinifundisha kuendesha. "Pita sasa." "Usipite." "Huyo wa trela hakuoni." Nilimwambia watoto thelathini hunikalia nyuma kila siku na wote wana adabu kumshinda. Jioni tukafika kwa binamu yetu Nairobi, tukalala. Gari halikuwa na neno.

Nairobi mpaka Eldoret

Mvua ilitushika Naivasha. Tukipanda kutoka Nakuru ndipo nikasikia ukelele wa kwanza, mwembamba, mbele kabisa. Nikajua. Kwa msiojua mambo ya chini ya boneti: kuna mkanda mmoja mrefu wa mpira unaozunguka puli zote, yale magurudumu madogo ya mbele ya injini, ndio unaozungusha altaneta na pampu ya maji. Ukichakaa unateleza, na ukiteleza unalia. Ukikatika, hapo hapo safari imekwisha.

Mkanda mpya nilikuwa nao chini ya kiti, nimenunua kabla ya safari. Nilichokosa ni spana ndefu ya kumi na tisa, ya kulegeza kile kipuli chenye springi kinachokaza mkanda. Yangu aliiazima jirani hakuirudisha, sitamtaja, anajijua. Nikaegesha kwenye gereji ya njiani. Fundi akasikiliza kidogo tu. "Mama, hiyo ni vumbi na maji ya mvua. Mkanda bado mzima." Akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akausugua mkanda injini ikiwa inanguruma, kimya kikaingia. Nilitaka kubishana, lakini masikio yangu yalikuwa yamepumzika, nikamshukuru nikaondoka.

Sabuni ilituvusha mpaka Timboroa. Baada ya hapo gari likalia kila nilipokanyaga mafuta, na Eldoret tuliingia watu wakitugeukia njiani. Mafundi walikuwa wamefunga. Athumani alivuta kofia mpaka masikioni.

Eldoret mpaka Malaba

Jumamosi asubuhi, kabla sijawasha gari, simu ikaita. Alikuwa baba yake Hanifa, Hajji Mubaraka. Nilishawahi kuongea naye mara mbili tatu. Kiswahili chake ni cha Kampala, kina mapindo yake, na mwanangu yeye humwita Twaribu, jambo lililokuwa likinichekesha.

"Mama Twaribu," akasema, "hapana ogopa kitu. Mahari mimi nimekwisha tafuta. Hiyo hapana shida yenu. Nyinyi kuja tu."

Nikamuuliza, "Umetafuta wewe?"

"Eeh. Mimi mwenyewe. Mnafika mnakuta tayari."

Nikasema haya, tutaonana, nikakata simu. Baba wa binti kutafuta mahari ya binti yake? Ametuonaje? Amemwona mwanangu hana kitu, au ameniona mimi mjane na kigari changu cha watoto, akaamua atufichie aibu kwa kulipa yeye? Na zile bangili kwenye mkoba zilikuwa za nini?

Athumani akasema, "Labda hukusikia vizuri, kwa ule ukelele."

"Gari lilikuwa limezimwa. Nimesikia neno kwa neno."

"Basi mpigie Twalib umuulize."

Sikumpigia. Nilijua nikifungua mdomo nitasema la kutorudi nyuma. Nikamwambia Athumani mpango wangu: tukifika tutasalimu watu vizuri, kisha nitamchukua mwanangu kando nimwambie posa imekwisha. Kwetu hatuoi kwa kusaidiwa. Athumani alinitazama, akatazama barabara, na mpaka Malaba hakunifundisha kuendesha hata mara moja, jambo lililonitia hofu kuliko mkanda.

Malaba mpaka Kampala

Ya mpakani siyasemi, mnayajua. Upande wa pili tukala kile chakula chao cha chapati iliyoviringishiwa mayai, wanakiita roleksi. Athumani aliposikia muuzaji anamuuliza, "Mzee nikupe roleksi?" akanyoosha mkono uliovaa saa na kusema, "Hii yanitosha, mwanangu." Yule binti alicheka mpaka akaunguza chapati. Nami ningecheka, kama si ile simu ya asubuhi.

Baada ya Jinja tukasimama kwa wachoma kuku na ndizi. Walituzunguka madirisha yote kwa vijiti vya nyama, na mama mmoja, badala ya kuuza, akalikodolea macho boneti. "Bambi," akasema, neno lao la kuonea huruma. "Inaria kama inaita mama yake." Akamuongezea Athumani ndizi moja ya bure, kwa ajili ya msiba wa gari.

Kampala tukaingia kwa barabara ya kuzunguka mji. Foleni ilitukalia, injini ikapata moto, na kila tuliposogea hatua tatu mkanda ukapiga kelele, waendesha bodaboda wakawa wananielekeza kwa vidole mbele ya gari, kana kwamba mimi sijui. Nilikuwa nimevaa buibui langu zuri la kuposea. Nilitamani nishuke nilisukume gari niliingize Kasubi bila sauti.

Uani kwa Hajji

Hajji alikuwa ametusikia kabla hatujakata kona. Tulimkuta amesimama langoni, mrefu, kanzu nyeupe, kichwa amekiinamisha upande kwa kusikiliza. Twalib akaja mbio akanikumbatia. Amenenepa, alhamdulillahi. Kisha akaja binti, Hanifa, na alipofika mbele yangu akapiga magoti chini. Nikadhani ameangusha kitu, nikainama kumsaidia kutafuta, vichwa vyetu vikagongana. Twalib akaninong'oneza, "Mama, ndivyo wanavyosalimia." Nikaona aibu. Uso wake ulikuwa mzuri na mpole, na hilo likanizidishia hasira, kwa kuwa nilikuwa nimekuja kuwakatalia.

Ndani walikuwa wameandaa pilau, ndizi za kupondwa, kuku, chai ya tangawizi. Nikasema nimeshiba. Hajji akasema, "Hata chai?" Nikasema hata chai. Hanifa alibaki ameshika kikombe changu. Twalib ananijua, rangi ilimtoka. Athumani, Mungu amlipe, akavuta sinia la pilau na kula kwa niaba yangu.

Nilikuwa nasubiri nafasi ya kumwita mwanangu nje. Lakini Hajji akainuka kwanza. "Mama Twaribu amechoka," akasema taratibu. "Wacha yeye apumzike. Mimi naona gari."

Gari langu haliguswi na mtu bila mimi kuwapo. Nikatoka nyuma yake.

Kumbe mzee alikuwa fundi maisha yake yote. Pembeni mwa ua kulikuwa na kibanda, na ndani spana zimepangwa kwa ukubwa ukutani, safi kuliko vijiko vyangu. Akakunja mikono ya kanzu, akaniambia niwashe. Akamwagia mkanda maji kwa kikombe kidogo kidogo. Ukelele ukapanda juu zaidi. "Hii hapana vumbi," akasema. "Hii imechoka. Zima, ngoja ipoe."

Wakati tunangoja nikamtolea mkanda mpya chini ya kiti. Alifurahi. "Mwanamke anatembea na mkanda yake," akasema. Nami nilikuwa mgumu, nikajibu kwa mkato. Akaniambia nichore njia ya mkanda wa zamani kabla hatujautoa, unapita wapi na wapi, tusije tukapotea. Nikachora nyuma ya daftari la mahudhurio ya watoto. Kisha akaingiza ile spana ndefu, akakisukuma kile kipuli cha springi kwa kifua chote, nami nikautoa mkanda juu. Ulikuwa umepasuka pasuka ndani, mahali pengine uzi umetokeza. Nilishtuka. Tulikuwa tumekuja nao ukilia tangu Nakuru.

Akaining'iniza mikanda yote miwili kidoleni kulinganisha urefu. Halafu akanisogezea ule wa zamani karibu na uso wangu.

"Nisomee namba tulinganishe," akasema. "Soma mahari hii. Macho yangu inakataa."

"Nisome nini?"

"Namba. Iko mahari hii hapa." Kidole chake kilikuwa juu ya mgongo wa mkanda. "Mahari hii nyeupe."

Nilibaki nimeushika ule mkanda. Mahari hii. Huyu anamwita mwanangu Twaribu, yule mama wa ndizi alisema gari inaria, na mimi akili ya kuunganisha sikuwa nayo. Sauti ikanitoka kidogo.

"Hajji, asubuhi kwenye simu ulisema umetafuta nini?"

"Mahari."

"Mahari ya nini?"

Akanishangaa. "Ya nyinyi kurara." Akanyoosha spana kwenye nyumba ndogo ng'ambo ya ua, pazia jipya linaonekana dirishani. "Ya jirani. Nimetia godoro, neti, kila kitu. Nimesema Mama Twaribu hawezi kurara gesti."

Nikakaa juu ya tairi bovu na buibui langu zuri. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha nikaona si kicheko tena. Nikamwambia yote: nilichosikia Eldoret, nilichokuwa nimekuja kusema, na kwamba chai yake niliikataa kwa kiburi na tumbo langu lilikuwa linaunguruma. Nikamwomba radhi.

Hakucheka. Alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, nikaogopa nimemuumiza. "Babu ya baba yangu alitoka kwenu, pwani," akasema. "Alikuja na wafanyabiashara. Kiswahiri hii alituachia. Na mimi nimeongezea ya wanajeshi, walikuwa wanateremka kutoka kambi ya Mbuya kuleta magari. Mimi nilisema kwa mtoto, mkwe anatoka Mombasa, atasikia Kiswahiri yetu atafurahi."

Nikamshika mkono wake wenye grisi.

"Sasa ile ya bibi harusi," akauliza, "nyinyi mnasema aje?"

"Mahari."

"Na hii ya kurara?"

"Mahali."

Akazisema zote mbili kimya kimya kwa midomo. "Si ni moja tu?" akasema, na ndipo tukacheka wote wawili.

Tukavalisha mkanda mpya, yeye kwenye spana, mimi kwenye puli, nikifuata mchoro wangu. Nilipomwambia tayari, hakuniamini. Akapitisha kidole puli moja baada ya nyingine, akasimama kwenye ya chini. "Imeruka mfereji moja." Nikaangalia kwa macho yangu mazima, sikuona. Nikaangalia tena, kweli, mkanda ulikuwa umekaa pembeni kwa mfereji mmoja. Macho yangu hayakuona, kidole chake kikaona. Nikamtazama usoni, na ndipo nikafahamu kwa nini alikuwa anakiinamisha kichwa kusikiliza.

"Hajji, huoni kiasi gani?"

"Naona taa. Naona watu, uso hapana." Akashusha sauti. "Usimwambie Hanifa. Ataogopa kuolewa."

Nikawasha gari. Lilinguruma tu, basi. Nikaingia ndani nikamwambia Hanifa, "Mwanangu, ile chai bado ipo?" Nilikunywa vikombe vitatu na pilau nikaomba.

Jumapili

Baada ya adhuhuri tukakaa sebuleni, wanaume upande mmoja, sisi upande wa pili, Hanifa chumbani na shangazi yake, bibi mnene mchangamfu aliyekuwa anaingia na kutoka kama mjumbe. Athumani akaposa kwa maneno yaliyonyooka, marefu kidogo lakini yaliyonyooka. Hajji akasema yeye ameridhika, aulizwe binti mwenyewe ataka mahari gani.

Shangazi akaingia chumbani, akakaa, akatoka uso umemkunjika. "Binti anataka mahari mbiri," akasema.

Athumani alinyanyua kichwa. Wazee wa upande wao wakatazamana. Twalib alinigeukia kwa macho ya kuomba msaada. "Mahari mbili?" Athumani akasema. "Hilo sijalisikia, kwa sheria gani?"

Mimi nilikuwa nimeelewa. Katika chumba kile nilikuwa peke yangu niliyeelewa, na ningeweza kunyamaza, wabishane, mwishowe shangazi arudishwe aambiwe ni moja tu. Chumba changu cha rangi ya maziwa kilinijia mbele ya macho, na mapazia yake.

"Athumani, ngoja," nikasema. Nikamuuliza shangazi, "Ya kwanza anataka nini?"

"Ya kwanza chochote ya Twaribu, anashukuru."

"Na ya pili?"

"Ya piri ni hapa. Hapa Kasubi. Anasema asitolewe hapa."

"Anataka mahali," nikawaambia watu wetu. "Anataka mahari, na anataka mahali. Hataki kumwacha baba yake."

Hajji aliinamisha kichwa kama anayesikiliza injini. Alikuwa amedhani binti hajui habari ya macho yake. Binti alikuwa anajua muda wote.

Twalib akasema, "Mama?" Hivyo tu. Iliniuma, siwafichi. Nilifungua mkoba, nikatoa kile kitambaa, nikampa shangazi zile bangili. "Mpelekee ya kwanza," nikasema. "Na ya pili mwambie amepewa."

Walifungishwa ndoa alasiri ile ile.

Kurudi

Jumanne tuliaga. Hajji alikuwa ameuviringisha mkanda wa zamani, akautia kwenye buti la gari. Nikamwambia umekufa huo, wa nini? Akasema wa kukumbuka. Hanifa alipiga magoti, na safari hii sikutafuta kilichoanguka. Nilimwinua, bangili zikagongana mkononi mwake kwa ule mlio ninaoujua tangu ujana wangu.

Kutoka Kasubi mpaka Malaba gari halikulia hata mara moja. Nililia mimi. Athumani alitazama dirishani akanipa leso bila kugeuka, na tulipofika kwa wachoma kuku akaninunulia ndizi mbili akazimenya mwenyewe.

Sasa mmejua kwa nini dirisha la juu limefungwa. Lakini juzi jioni Hajji alinipigia. Kuna daktari wa macho hapa Mombasa ambaye Twalib amesikia habari zake, wanataka kuja wote watatu, wakae mwezi mmoja au zaidi. Nilisikia wazi kwamba anaona haya kuniuliza. Alianza kunieleza habari za gesti, kwamba wao si watu wa kusumbua.

Nikamkatiza. Nikapanda ngazi na simu sikioni, nikafungua lile dirisha.

"Hajji," nikamwambia, "hapana ogopa kitu. Mahari nimekwisha tafuta."